Mwanafunzi wa biolojia anauliza: je, ninajidanganya nikisali?

Swali: "Shikamoo Mwalimu. Niko mwaka wa pili chuo kikuu, nasoma biolojia. Nimelelewa katika familia ya kusali na mpaka leo nasali. Muhula huu mhadhiri wetu alisema darasani kwamba mtu anayekubali mageuko ya viumbe na bado akapiga magoti hajaelewa mojawapo. Nilipomweleza kiongozi wangu wa dini, naye akaniambia maneno yale yale kwa upande wake: nichague. Je, sayansi na imani kwa Mungu vinaweza kukaa pamoja, au ninajidanganya?"

Marahaba, mwanangu.

Nikupe jibu kwanza, kisha nilifafanue. Ndiyo, vinaweza kukaa pamoja, na hujidanganyi kwa sababu tu unasali. Ila jibu hilo lina masharti, na masharti yenyewe ni magumu kuliko wanavyodhani wahubiri wengi na wanasayansi wengi. Nafundisha historia na falsafa ya sayansi, nami pia ni mtu wa kusali. Nakuambia mapema ili uyapime maneno yangu ukijua nimesimama wapi.

Fungua kitabu chako cha biolojia. Bila shaka umeshakutana na kauli kwamba hakuna jambo la biolojia linaloeleweka pasipo mwanga wa mageuko. Wahadhiri wanaipenda sana. Ni kichwa cha makala ya mwaka 1973 ya Theodosius Dobzhansky, mmoja wa waliojenga nadharia ya mageuko kama unavyofundishwa leo. Ndani ya makala hiyo hiyo Dobzhansky, aliyekuwa Mkristo wa Kiorthodoksi, anajitambulisha kuwa ni mtu wa uumbaji na ni mtu wa mageuko, yote mawili. Ukigeuza kurasa hadi sura ya urithi, unakutana na Gregor Mendel, mtawa aliyepanda njegere katika bustani ya monasteri yake huko Brno na kuchapisha matokeo mwaka 1866. Hesabu zilizounganisha kazi ya Mendel na uteuzi asilia wa Darwin (yaani viumbe wanaoyafaa zaidi mazingira yao ndio wanaoishi na kuzaa zaidi) zina mkono mkubwa wa Ronald Fisher, Mwanglikana. Na aliyempigania Darwin kule Marekani, Asa Gray wa Harvard, alikuwa Mpresbiteri. Darwin mwenyewe, ambaye wakati huo alikwisha kuacha Ukristo, aliandika katika barua ya mwaka 1879 kwamba ni upuuzi kutilia shaka kuwa mtu anaweza kumwamini Mungu kwa moyo wote na pia kukubali mageuko.

Majina haya hayathibitishi kwamba Mungu yupo. Yanaangusha kauli moja tu, ile ya mhadhiri wako. Huwezi kumwambia Dobzhansky kwamba hakuyaelewa mageuko.

Haki inanidai nikuonyeshe na upande wa pili. Mwaka 1916 mwanasaikolojia James Leuba alichapisha uchunguzi wake miongoni mwa wanasayansi wa Marekani na kukuta karibu asilimia 40 wanamwamini Mungu anayesikia maombi. Uchunguzi huo uliporudiwa mwaka 1996, baada ya miaka themanini ya sayansi ya ajabu, idadi ilikuwa bado karibu asilimia 40. Lakini wachunguzi hao hao walipowauliza wanachama wa Akademia ya Taifa ya Sayansi ya nchi hiyo, yaani wale walio kileleni, walioamini walikuwa asilimia 7 tu. Usilifiche hilo unapojadiliana na watu. Imani inayohitaji takwimu zifichwe imeshaanza kuyumba.

Sasa, inawezekanaje? Tazama Tuzo ya Nobel ya fizikia ya mwaka 1979. Waliipata kwa pamoja watu watatu: Sheldon Glashow, Steven Weinberg na Abdus Salam. Weinberg na Salam, kila mmoja kwa njia yake, walifikia nadharia moja inayoonyesha kwamba sumakuumeme na ile nguvu dhaifu inayofanya kazi ndani ya kiini cha atomu zina asili moja. Weinberg hakumwamini Mungu kabisa. Miaka miwili kabla ya tuzo aliandika kwamba kadiri ulimwengu unavyoeleweka ndivyo unavyoonekana kutokuwa na kusudi. Salam alikuwa Mwislamu wa kusali, na kwenye karamu ya tuzo mjini Stockholm alisoma aya za Suratul Mulk zinazomtaka mtu aangalie uumbaji mara moja, kisha mara ya pili, atafute kama ataona kasoro. Watu hawa walitofautiana katika jambo kubwa kuliko yote ambayo binadamu wanaweza kutofautiana, na milinganyo yao ikawa ile ile. Mwaka 1983, chembe zilizotabiriwa na nadharia yao zilipoonekana katika maabara ya CERN karibu na Geneva, hazikumpendelea muumini wala asiyeamini.

Hii ndiyo sifa ya sayansi ambayo ningependa uishike. Inafanya kazi kwa kukubaliana kwamba kila sababu inayotajwa lazima iweze kupimwa na mtu yeyote, awe anasali au hasali. Kwa hiyo Mungu haingizwi kwenye milinganyo. Huo ni utaratibu wa kazi, na muumini mwenye busara anaufuata kwa moyo mweupe akiwa maabara. Mtu akitoka hapo akasema, "Kwa kuwa sikumhitaji Mungu kwenye hesabu, basi hayupo," ameacha kuongea kama mwanasayansi na ameingia falsafa. Ana haki ya kuingia. Ila ajue amevuka mpaka, na darubini yake haikumsindikiza.

Mfano mzuri kuliko yote ninaoujua wa mambo haya mawili kukaa katika kinywa kimoja hautoki kwa mwanasayansi. Mwaka wa 10 Hijria, sawa na 632, mwana wa Mtume Muhammad (S.A.W.) aitwaye Ibrahim alifariki akiwa mtoto mdogo, na siku hiyo hiyo jua likapatwa. Watu wakasema jua limepatwa kwa msiba wa Ibrahim. Hebu fikiria jinsi ambavyo ingekuwa rahisi kwa baba aliyefiwa kuyaacha maneno hayo yasambae. Kwa mujibu wa hadithi iliyopokewa na Bukhari, aliyakataa: jua na mwezi ni ishara za Mwenyezi Mungu, havipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuishi kwake. Kisha akawaambia, mkiona hivyo, salini. Sababu ya uongo imekataliwa, na sala imebaki mahali pake. Mwishoni mwa karne ya 11, Imamu Ghazali, mwanazuoni mkubwa wa Kiislamu ambaye hakuna atakayemtuhumu kwa kuwapenda mno wanafalsafa, aliandika kwamba anayedhani anaitetea dini kwa kubishana na hesabu za kupatwa kwa jua anaidhuru dini kuliko adui anayeishambulia waziwazi. Hesabu zinakuambia saa litakapopatwa. Ukimlazimisha mtu achague kati ya hesabu hizo na dini, utakuwa umemfundisha kuitilia shaka dini.

Kuna kosa ambalo waumini wasomi hulifanya zaidi kuliko wengine, na nataka nikae hapo kidogo, kwa sababu najua litakushawishi. Ni kumweka Mungu pale ambapo sayansi haijafika. Newton alikuwa mcha Mungu, na sheria yake ya uvutano ilieleza mwendo wa sayari vizuri ajabu, ila akabaki na wasiwasi: sayari huvutana zenyewe kwa zenyewe, na kasoro ndogo ndogo zinaongezeka. Mshtarii (Jupita) ilionekana kuongeza kasi karne hadi karne, Zohali (Saturn) nayo ikipunguza. Newton akaona kwamba mfumo huu utafika mahali uhitaji kurekebishwa, na wa kuurekebisha ni Mungu. Mwaka 1715 mwanafalsafa Mjerumani Leibniz, naye muumini, alikereka sana: Mungu gani huyu anayetengeneza saa mbovu na kulazimika kuitia ufunguo kila mara? Kisha katika miaka ya 1780 mwanahisabati Mfaransa Laplace akapiga hesabu hadi mwisho na kuonyesha kwamba badiliko la Mshtarii na Zohali ni la kwenda na kurudi, mzunguko wa miaka kama 900. Sayari zinajirekebisha zenyewe. Kazi aliyopewa Mungu ikaisha, na wengi wakadhani Mungu mwenyewe amekwisha. Lakini Laplace alikanusha kitu kimoja tu, yaani kwamba Mungu ni fundi wa kuziba mianya. Wanateolojia wakubwa hawakuwahi kumfundisha Mungu wa namna hiyo. Kwa Thomas wa Akwino, Mungu ndiye anayezifanya sababu za asili ziwepo na zifanye kazi. Hasubiri zishindwe ndipo aingie. Mtu akikuambia leo, "Sayansi haijui uhai ulianzaje, kwa hiyo ni Mungu," kumbuka Zohali. Na siku wanakemia watakapoeleza uhai ulivyoanza, imani yako isiwe mojawapo ya vitu vitakavyovunjika.

Aliyeelewa jambo hili kuliko wote katika karne iliyopita alikuwa padri. Georges Lemaître, Mbelgiji, alipewa upadri mwaka 1923, na mwaka 1927 akachapisha hesabu zinazoonyesha kwamba ulimwengu unapanuka. Einstein alimwambia hesabu zake ni sahihi ila fizikia yake inachukiza. Mwaka 1931 Lemaître akaenda mbali zaidi: ukirudisha muda nyuma, ulimwengu wote unakusanyika katika kile alichokiita atomu ya awali. Wako waliodhani padri anaingiza kitabu cha Mwanzo kwa mlango wa nyuma. Fred Hoyle, aliyetetea ulimwengu usio na mwanzo, ndiye aliyeipachika nadharia hiyo jina la Mlipuko Mkuu, katika matangazo ya redio mwaka 1949. Ndipo mwaka 1951 Papa Pius wa Kumi na Mbili akahutubia Akademia ya Kipapa ya Sayansi na kuzungumza kana kwamba fizikia mpya imeshuhudia ile siku Mungu aliyosema "Iwe nuru".

Padri yeyote angefurahi. Lemaître hakufurahi hata kidogo. Msimamo wake ulikuwa kwamba nadharia hii inabaki nje ya maswali ya dini: anayeamini na asiyeamini wote wanaweza kuikubali au kuikataa kwa sababu za kisayansi tu. Aliona hatari ambayo mkuu wake hakuiona. Ukiegemeza imani juu ya nadharia, siku nadharia itakaporekebishwa utafanya nini? Ushahidi mzito wa ulimwengu wa awali uliokuwa na joto kali ulipatikana miaka ya 1964 na 1965, wakati Arno Penzias na Robert Wilson walipokuta mnong'ono wa mawimbi ya redio yanayotoka pande zote za anga, mabaki ya joto hilo la awali. Lemaître aliletewa habari hizo mwaka 1966, muda mfupi kabla ya kufariki. Alikuwa amepatia. Hata hivyo hakuwahi kuudai ushahidi huo kuwa wa Kanisa.

Nilisema kuna masharti. Haya hapa, na sitayapamba.

Imani inayosema jambo linaloweza kupimwa lazima ikubali kupimwa. Dunia ina umri wa miaka kama bilioni 4.5, na ulimwengu kama bilioni 13.8. Tumefika kwenye tarakimu hizo kwa njia kadhaa zisizotegemeana: madini ya risasi katika vimondo, umri wa nyota, na ule mnururisho wa awali walioukuta Penzias na Wilson. Anayesisitiza kwamba dunia ina miaka elfu sita hawezi kukaa na sayansi, na hakuna suluhu ya katikati hapo. Hali ni hiyo hiyo kwa mageuko. Sokwe ana jozi 24 za kromosomu, yaani nyuzi za DNA zinazobeba urithi ndani ya seli; wewe una 23. Kama tuna asili moja, jozi moja imekwenda wapi? Wanasayansi walipoichunguza kromosomu yako ya pili, walikuta katikati yake ile mifuatano ya DNA ambayo kwa kawaida hukaa kwenye ncha tu, ikiwa imegusana uso kwa uso, na pembeni mabaki ya sentromia (sehemu ya kushikia kromosomu seli inapogawanyika) ya pili isiyofanya kazi tena. Kromosomu mbili za wahenga wetu ziliungana zikawa moja, na alama ya kiungo bado iko mwilini mwako. Ukimwamini Muumba, basi umeuona mkono wake ulivyofanya kazi. Usimwambie kwamba angepaswa kufanya vingine.

Mambo ya tiba ndiyo yananiuma kuliko umri wa dunia. Mgonjwa anayeambiwa aache insulini au dawa za kufubaza virusi kwa kuwa ameshaombewa anaweza kufa, na wengine wamekufa. Kiongozi anayetoa agizo hilo anacheza na uhai usio wake, na hapo sina heshima ya kumpa. Maombi nayo yameshapimwa. Mwaka 2006 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa hospitali sita za Marekani, wagonjwa 1,802 waliofanyiwa upasuaji wa mishipa ya moyo. Wagonjwa wasiojua kama wanaombewa walipata matatizo kwa asilimia 52 walipoombewa na asilimia 51 wasipoombewa. Waliojua kwa hakika kwamba wanaombewa walipata matatizo zaidi, asilimia 59. Anayehubiri kwamba maombi ni dawa yenye kipimo maalumu amejibiwa. Je, maombi hayana maana? Mimi sisali ili nimwendeshe Mungu kama mashine, na sioni kitabu kitakatifu kinachoniahidi hivyo. Lakini nakiri matokeo hayo yanapunguza idadi ya mambo ambayo muumini anaweza kuyasema kwa uaminifu.

Na miujiza? Sayansi inaeleza maumbile yanavyoenda yakiachwa yenyewe. Haiwezi kuthibitisha kwamba hayakuguswa kamwe. Inachoweza kudai, na inadai kwa haki, ni kwamba habari za muujiza zinahitaji ushahidi mzito kuliko habari za kawaida. Hapo ndipo siafikiani na wale wanaosema sayansi na dini ni vyumba viwili visivyo na mlango kati yake, kwamba moja inashughulikia mambo ya kweli na nyingine maadili tu. Dini nyingi zinadai kwamba mambo fulani yametokea kweli. Mlango upo.

Utaambiwa kuhusu Galileo, mwanasayansi Mwitaliano, kwa hiyo maneno machache. Alihukumiwa na Kanisa mwaka 1633 kwa kutetea kwamba dunia inalizunguka jua, na akafa mwaka 1642 akiwa kizuizini nyumbani kwake. Lilikuwa kosa, na Papa Yohane Paulo wa Pili alikiri hivyo mwaka 1992. Wengi hawajui barua ya Kardinali Bellarmine ya mwaka 1615. Aliandika kwamba ukipatikana uthibitisho halisi kuwa dunia inalizunguka jua, itabidi kuyafasiri Maandiko kwa uangalifu mkubwa na kusema hatukuyaelewa, kuliko kusema kilichothibitishwa ni uongo. Kanuni ilikuwa njema. Ubaya ni kwamba hawakuifuata: walimfunga mtu mdomo kabla ushahidi haujakamilika, na kitabu chake kiliondolewa kwenye orodha ya vitabu vilivyokatazwa mwaka 1835, karibu miaka mia mbili baadaye.

Swali litakalokusumbua kweli katika biolojia si umri wa dunia. Mwaka 1860 Darwin alimwandikia Asa Gray kuhusu jamii ya nyigu wanaotaga mayai ndani ya mwili wa kiwavi, ili mabuu wamle angali hai. Hakuweza, alisema, kujishawishi kwamba Mungu mwema na mwenye uwezo wote alikusudia kuwaumba hivyo. Gray aliisoma barua hiyo, akabaki muumini na akabaki rafiki. Mateso yamekuwepo mamia ya mamilioni ya miaka kabla ya binadamu wa kwanza, na uteuzi asilia unafanya kazi kwa kifo. Sina jibu la kulimaliza jambo hilo kwa aya moja, na ninamwogopa anayedai analo. Ninachoweza kukuhakikishia ni kwamba swali hili ni la kale kuliko sayansi: Ayubu alilipeleka kwa Mungu moja kwa moja, kwa hasira, na hakuhesabiwa kuwa mkosaji kwa kuuliza. Ukiona linakutikisa, haina maana kwamba umeshindwa biolojia wala imani.

Kuhusu wale wakubwa wako wawili. Mhadhiri mheshimu na umsikilize kwa makini kila anapofundisha mageuko, kwa kuwa hapo yumo ndani ya kazi yake. Kwenye mtihani usiandike jibu la nusu nusu kwa kuogopa kuisaliti dini. Siku mkiwa na nafasi, mwulize kwa adabu ni jaribio gani linaloonyesha kwamba kinachopimika ndicho pekee kilichopo. Nadhani atafikiri kabla ya kujibu, na mtakuwa mmeanza mazungumzo mazuri.

Kiongozi wako, usibishane naye hadharani. Ikiwa ni Mwislamu, mkumbushe Ghazali na siku ya kupatwa kwa jua. Ikiwa ni Mkristo, mpelekee Augustino, ambaye mwanzoni mwa karne ya 5, katika ufafanuzi wake wa kitabu cha Mwanzo, aliwakemea Wakristo wanaoropoka mambo ya anga na nyota mbele ya watu wanaoyajua, kisha wanashangaa kwa nini watu hao hawawaamini wanapoelezea ufufuko. Msome pamoja. Kisha mwonyeshe picha ya kromosomu ya pili, umweleze ulichojifunza, na umwombe akuambie ni fundisho gani hasa la dini yenu ambalo anaona limevunjwa nayo. Msikilize jibu lake lote kabla hujasema neno.